Sentimita Mia Tano na Kumi na Moja

Kilosa,
11 Aprili 1983

Kaka Lupakisyo,

Salaam kutoka kando ya Mkondoa. Tangu kozi ilipokwisha pale Morogoro, wewe ukapewa kompyuta ya mradi wa mito huko Mikumi na mimi ya huku Kilosa, nimekuandikia mara mbili tu, na mara zote nilikuwa naomba utepe wa mashine ya kuchapia. Leo utepe ninao. Nina swali.

Mashine yako imewahi kukuandikia kina cha maji ambacho mto haukuwa nacho?

Ya kwangu imefanya hivyo. Jumanne ile kabla ya Pasaka, saa tisa alasiri, mvua ilikuwa imenyesha milimani tangu asubuhi na Mkondoa ulikuwa unapanda polepole. Nilikuwa mezani. Kila dakika mashine ilichapa sentimita zake: 253, 254, 254, 255. Kisha ikachapa 511.

Unajua mitambo yetu ilivyofungwa. Kina kikizidi 450, king'ora kinalia chenyewe, hakimsubiri mtu. Kikalia. Dakika iliyofuata mashine ikachapa 256, kwa utulivu kabisa. Nikazima king'ora, lakini huwezi kuwaita watu warudi kwa swichi. Wa kando ya mto walishatoka na magodoro na kuku, soko zima lilikuwa linakimbilia upande wa reli. Nilikwenda darajani mwenyewe nikatazama. Maji yalikuwa pale pale, mita mbili na nusu na kidogo.

Kila mtu hapa ana maelezo yake. Fundi wa umeme anasema ni radi, ila siku ile haikupiga radi hata moja. Mkuu wetu, Ndugu Melkizedek, anasema ni mkono wa mtu. Watoto wa mtaani wameshanipa jina. Nikipita wananiita Mia Tano na Kumi na Moja.

Mimi nataka tu kujua imetoka wapi. Siku hizi nina nafasi ya kutosha ya kufikiri. Kompyuta yako ni pacha wa yangu, programu zake ni zile zile alizoziacha yule mtaalamu kabla hajarudi kwao. Jaribu kuipata 511 kwako. Ukiipata niandikie siku hiyo hiyo.

Wako katika kazi,
Ida


Mikumi,
16 Aprili 1983

Dada Ida,

Barua yako imenipata, na imeniharibia usingizi. Namba ya ajabu namna hii ndiyo kitu nilichokuwa nakikosa huku. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Nimefanya hivi. Nimeleta pipa uani, nikatumbukiza ndani boya linalopima kina, nikamwaga maji ndoo kwa ndoo ili lipande kama lipandavyo mtoni. Walinzi wa hifadhi walisimama uzioni wakauliza kama nafuga samaki. Nilijaza na kumwaga kutwa. Mashine ilichapa kweli tupu. Hakuna 511.

Lakini umenikumbusha jambo. Mwezi wa pili, mto ulipokuwa unapungua, mashine ilichapa sifuri. Sifuri, Ida, na maji yalikuwa yanamzidi mtu kimo. Dakika iliyofuata ikarudi sawa, nami nikasema ni karatasi mbovu. Sasa sisemi tena hivyo. Sifuri na 511 huenda ni ndugu.

Ninazo nakala za programu zote kabatini. Nitaanza kuisoma ile ndogo ya boya, tuliyokuwa tukiiita dereva. Unakumbuka mwalimu alivyotuchorea: katikati kuna kiini, programu kuu inayogawa zamu, na kila kifaa kina dereva wake: boya, saa, mashine ya kuchapia, king'ora.

Ila nieleze kitu kimoja. Mashine iko mbele yako. Kwa nini hujaribu mwenyewe?

Ndugu yako,
Lupakisyo


Kilosa,
19 Aprili 1983

Mwanangu Lupakisyo,

Bwana asifiwe. Mimi ni Magreti, mama yake Ida. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba mwanangu. Ida hajui kwamba nakuandikia.

Nimeona ulivyomwuliza kwa nini hajaribu mashine yake. Hatakujibu, kwa hiyo nakujibu mimi. Ida amesimamishwa kazi. Chumba cha mashine kimetiwa kufuli na lakiri juu yake. Na mdogo wake, Damiano, karani wa duka la ushirika, yuko mahabusu tangu siku ya pili baada ya king'ora.

Watu walipokimbia, duka lilibaki wazi. Waliporudi, magunia manne ya sukari hayapo, na khanga hazipo. Wewe unajua mwaka huu ulivyo, msako wa wahujumu uchumi uko kila mahali. Wanasema dada alipiga king'ora kusudi ili kaka apakie mali. Wanasema namba ile aliiandika yeye.

Mimi nimewazaa wote wawili. Ida hasemi uongo, na Damiano hakuiba. Kamati ya uchunguzi itakaa tarehe ishirini na tatu mwezi ujao.

Mtoto hali chakula. Anakaa jikoni kwangu, anaandika namba mpaka kwenye karatasi za kufungia chumvi. Kama una neno la kumsaidia, lilete upesi.

Mungu akulinde,
Mama Magreti


Mikumi,
27 Aprili 1983

Dada Ida,

Mama ameniandikia. Usimkasirikie. Ungeniambia wewe mwenyewe ningetupa pipa mapema, maana pipa lilikuwa upuuzi.

Nimeipata 511.

Nilikuwa nasoma dereva ya boya, nikaona kitu tulichofundishwa siku ya kwanza kisha tukakisahau. Mashine yetu haina nafasi moja inayotosha namba kubwa. Kila kijumba chake cha kumbukumbu kinaishia 255. Kina kikifika 256, kijumba cha chini kinarudi sifuri na kijumba cha juu kinaandikwa moja. Ni kama tunavyotoka tisa kwenda kumi. Sasa zile namba zako zikanijia: 255, kisha 511, kisha 256. Nikajua mahali pa kutafuta.

Nikaliondoa boya, nikalishika kwa mkono gurudumu linalozungushwa na waya wake. Nikaliweka 255, nikawa nalisogeza mbele na nyuma, 255, 256, 255, 256, kama mawimbi madogo yanavyofanya. Asubuhi yote kweli tupu. Mkono ulikuwa umekufa ganzi ndipo karatasi ilipotoka na 511. Nililiacha gurudumu nikaenda kusimama nje kidogo. Alasiri, nikirudi nyuma, nikapata sifuri.

Hesabu yake naiona. Ile 511 ni 255 ya chini pamoja na moja ya juu: nusu ya namba ya zamani na nusu ya namba mpya. Ile sifuri ni nusu mbili zilizokutana kinyume chake. Dereva inasoma kijumba cha chini kwanza, kisha cha juu. Ila hapo katikati kuna mtu anayebadilisha namba, na mimi simwoni. Nimesoma mistari ile mpaka macho yanauma. Hakuna amri nyingine pale.

Nani anaingia?

Lupakisyo


Kilosa,
2 Mei 1983

Kaka Lupakisyo,

Nisamehe kwa kukuficha. Niliona aibu, na pia niliogopa kwamba ukijua utanionea huruma badala ya kunisaidia kutafuta.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama posta. Humwoni anayeingia kwa sababu hayumo kwenye mistari unayoisoma. Anatoka kwenye mistari mingine ya dereva ile ile. Boya likisogea sentimita moja, linapiga kengele ndani ya mashine. Kengele ikilia, mashine inaacha chochote inachofanya, hata katikati ya neno, inakwenda kuongeza moja kwenye ile namba, au kupunguza moja maji yakishuka, kisha inarudi pale pale ilipoachia na kuendelea kana kwamba haikuondoka. Yule anayesoma hana habari kwamba aliachwa.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Saa iliamuru kina kisomwe. Msomaji akachukua 255 ya chini. Kabla hajagusa cha juu, kengele ikalia. Namba ikawa 256. Msomaji akarudi, akachukua moja ya juu, akaunganisha na 255 aliyokwisha kuishika. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amefanya kazi yake sawasawa, ila wameifanya wakati mmoja juu ya kitu kimoja.

Nimefikiri dawa. Tuweke alama mahali fulani kwenye kumbukumbu, yenye maana ya "nimo ndani". Anayetaka kuigusa namba, awe msomaji au wa kengele, aitazame kwanza. Akiikuta imewekwa, angoje mpaka iondolewe. Akikuta hakuna, aiweke, afanye kazi yake, aiondoe. Mistari nimekuandikia upande wa pili wa karatasi hii.

Jaribu. Kamati inakaa baada ya wiki tatu. Damiano nilimwona jana kwa mbali, wanafagia uwanja. Aliniona akageuka.

Ida


Mikumi,
8 Mei 1983

Dada Ida,

Nimeingiza mistari yako, nikaihifadhi kwenye kaseti mpya, nikaanza kuzungusha gurudumu. 255, 256, 255. Ikaenda vizuri mpaka nikaanza kutunga barua ya kukusifu. Kisha ikanyamaza.

Si kwamba ilichapa uongo. Haikuchapa kitu. Taa zake zinawaka, feni inazunguka, nikibonyeza haijibu. Saa yake yenyewe imesimama. Nikaizima na kuiwasha, ikafanya kazi, kisha ikaganda tena. Mara inaganda mpakani mwa 255, mara mahali pengine kabisa, hata kwenye 120.

Ida, mashine inayosema uongo mara moja kwa mwaka ni mbaya, lakini inayokufa kimya wakati mto unapanda ni mbaya zaidi. Hii hatuwezi kuipeleka mbele ya kamati. Alama yako nimeikagua, haina kosa la mwandiko. Nimekwama.

Nimeongea na mwenzangu mmoja hapa, akasema niiache, si kazi yangu. Nimemwuliza ni kazi ya nani.

Lupakisyo


Kilosa,
13 Mei 1983

Kaka Lupakisyo,

Kosa ni langu na nimeliona. Ngoja nikueleze nilivyoliona.

Nilimketisha mama jikoni, nikaweka bakuli la maharage kati yetu. Nikamwambia, "Mama, wewe ni kengele. Mimi ni msomaji. Ukisema ngo, mimi naganda. Siruhusiwi kunyanyua kidole mpaka umalize kazi yako."

"Kazi yangu ni ipi?"

"Kuongeza punje moja humu. Ila ukikuta kijiko kimelazwa juu ya bakuli, ungoje mpaka mwenyewe akiondoe."

Nikalaza kijiko, nikaanza kuhesabu punje. Mama akasema ngo. Nikaganda. Akanyoosha mkono, akaona kijiko, akaurudisha. Tukatazamana.

"Kijiko ni cha nani?" akauliza.

"Changu."

"Basi kiondoe."

"Siruhusiwi mpaka wewe umalize."

"Na mimi simalizi mpaka ukiondoe." Akainuka kuepua sufuria iliyokuwa inaungua. "Mchezo wenu huu hauna jioni."

Nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka. Mashine yako iko hivyo hivyo. Msomaji ameweka alama, kengele imelia, wa kengele amekuja anangoja alama iondoke. Lakini mwenye alama hawezi kuendelea mpaka wa kengele aondoke. Tungekuwa na mashine mbili zinazofanya kazi pamoja, kungoja kungekuwa na maana, kwa kuwa mwenye alama angeendelea na yake upande wa pili. Sisi tunayo moja.

Basi tufute alama. Badala ya kumngojesha wa kengele mlangoni, tumzuie asije. Kiini kina amri ya kufunga kengele na amri ya kuifungua. Msomaji afunge kengele kwanza, achukue kijumba cha chini na cha juu, afungue papo hapo. Boya likisogea wakati huo, mlio mmoja unahifadhiwa na unahudumiwa mara mlango ukifunguliwa.

Ila angalia hapa. Ni mlio mmoja tu unaohifadhiwa. Ikilia miwili kengele ikiwa imefungwa, sentimita moja inapotea na haitarudi. Kwa hiyo usichape chochote kengele ikiwa imefungwa. Kuchapa ni kazi ya polepole. Nakili vijumba viwili, fungua, ndipo uchape.

Nadhani safari hii ni sahihi, lakini nilidhani hivyo na mara ya kwanza. Izungushe mpaka uchoke, kisha umpe mtu mwingine azungushe.

Ida


Mikumi,
17 Mei 1983

Dada Ida,

Nimezungusha, na mwenzangu yule aliyesema si kazi yangu amezungusha pia, siku tatu kwa zamu. Hakuna 511. Hakuna sifuri. Haijaganda. Mwishoni tukapima waya kwa rula tukalinganisha na namba ya mwisho, hakuna sentimita iliyopotea.

Nimempelekea Ndugu Melkizedek telegramu kumwomba afungue chumba mbele ya kamati. Amejibu kwa mstari mmoja: "Njoo, tutaona." Nakuja Jumapili na treni. Nina kaseti mbili, ya programu ya zamani na ya mpya.

Lupakisyo


Mikumi,
31 Mei 1983

Dada Ida,

Nimefika salama. Treni ilisimama njiani, stesheni ya Ulaya, muda mrefu bila sababu, nikapata nafasi ya kuyarudia yote kichwani.

Wewe ulikuwa umekaa nje chini ya ulinzi, kwa hiyo hukuona sura zao. Nilimwomba Ndugu Melkizedek alizungushe gurudumu yeye mwenyewe, ili wasiseme ni mkono wangu. Alizungusha kwa saa nzima, jasho likimtoka, wajumbe wameanza kupiga miayo. Ilipotoka 511, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuiona. Akaikata ile karatasi, akampa mwenyekiti, akarudi kwenye gurudumu akaniambia, "Hebu nielekeze tena hapo kwenye vijumba viwili." Akaniuliza mara tatu, mpaka akaelewa. Kisha akaomba kaseti mpya. Nadhani hakuwahi kukuchukia. Alikuwa hajui maelezo mengine yoyote ila mkono wa mtu.

Nafurahi sana kwamba umerudishwa kazini.

Kuna jambo jingine, na nimeanza barua hii mara kadhaa kwa sababu yake. Asubuhi ile nilipoondoka, mama alinipa chai. Ilikuwa tamu. Mikumi hatujaona sukari tangu Januari, na Kilosa nilipita dukani, hakuna. Sikuuliza, nilikuwa mgeni. Lakini tumeelezana mengi kwa barua hizi, nikaona si haki niondoke na hili bila wewe kujua kwamba nimeliona.

Kama nimekosea, ichome barua hii na unisamehe.

Lupakisyo


Kilosa,
12 Juni 1983

Kaka Lupakisyo,

Hukukosea.

Chai ile nilikuwa nainywa tangu Aprili. Mama alisema sukari imetoka kwa shangazi yetu wa Rudewa, nami sikuuliza shangazi wa Rudewa kaipata wapi. Nilikuwa namtafuta aliyeigusa namba. Aliyeigusa sukari sikumtafuta.

Barua yako ilipofika nilimsomea mama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipeleka kwenye ghala, akasogeza mahindi. Nusu gunia. Damiano aliliingiza jioni ile ile ya king'ora, akamwambia amepewa na mkuu wa duka kwa kazi nzuri. "Nilimwamini," mama akasema. Baadaye kidogo akasema, "Nilitaka kumwamini."

Asubuhi alivaa nguo zake za kanisani, tukabeba lile gunia mimi na yeye mpaka kituoni. Kamati ilikuwa karibu kumwachia Damiano, kwa sababu kama dada hakupiga king'ora, basi hapakuwa na njama. Sasa amekiri. Hakukuwa na njama kweli. King'ora kililia, watu wakakimbia, yeye alikuwa peke yake na magunia, na gari la mtu asiyemjua vizuri lilikuwa limesimama nje, akayapakia humo. Anasema hakufikiri hata dakika moja. Atapelekwa Morogoro.

Jana waliniruhusu kumwona. Tulikaa kwenye benchi, askari kando yetu. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Yeye akaniuliza, "Dada, ile mashine ilikoseaje?"

Hajawahi kuniuliza habari za kazi yangu, tangu nianze. Nikamweleza vijumba viwili, msomaji, na kengele inayoingia katikati. Nilichora chini kwa kidole. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza hesabu akiwa mdogo, ameuma mdomo. Akauliza, "Kwa hiyo msomaji hakudanganya?"

"Hapana. Alisema alichokiona."

"Na wa kengele?"

"Naye alifanya kazi yake."

"Na wewe ulichapa kilichotoka."

"Ndiyo."

Akafuta mchoro kwa kiatu, polepole. "Basi siku ile," akasema, "katika Kilosa nzima, aliyesema uongo ni mimi peke yangu."

Nilibaki nimekishika kiganja chake mpaka askari aliposema muda umekwisha.

Ida